Buti za Saizi ya Katikati

Mume wangu anauza viatu tangu kabla hajanioa, na kosa lake lililochekwa kuliko yote alilifanya kwenye viatu. Simsengenyi. Yuko hapo upande wa pili wa kaunta na anajua ninachoandika.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Guangzhou, ghorofani, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilibeba marobota mengi kuliko watu. Tulikuwa tunawanunulia mali wenye maduka wa Dar es Salaam. Yeye alikwenda viwandani kuchagua viatu na kubishana bei. Mimi nilipanga mizigo, nikaandika alama kwenye katoni na kuhakikisha kontena haliondoki bandari ya Huangpu likiwa na nafasi tupu. Nafasi tupu kwenye kontena inaniudhi mpaka leo. Hata sufuria kabatini nazipanga kwa hasira hiyohiyo.

Theluji ilitufikia kupitia mteja. Kaskazini mwa mji kuna jumba kubwa la maduka, na ndani yake wamejenga mlima wa theluji, huku nje watu wanajipepea kwa joto. Mteja mmoja alitaka kupelekwa huko akapige picha za kuwarushia watu wa nyumbani, na mume wangu akamsindikiza. Mteja alipiga picha zake, akalalamika baridi, akatoka. Mume wangu hakutoka mpaka muda wa tiketi ulipokwisha. Alirudi anachechemea, anacheka peke yake.

"Mke wangu," akaniambia, "leo nimeanguka mpaka nimechoka."

Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akijisifu kwa kuanguka. Nilimpa chai nikadhani yataishia hapo.

Ikawa kila Jumatatu mchana, kwa sababu Jumatatu tiketi ilikuwa nafuu. Akapata na wenzake wawili. Mmoja alikuwa kijana Mkenya aliyekuja kusomea uhandisi kwa ufadhili. Wa pili alikuwa Mkongo mwenye duka la vitenge ghorofa ya chini yetu, mtu mnene na mpole. Wote watatu waliteleza kwenye mteremko mdogo, ule wa wanaojifunza, ambao tiketi yake ilikuwa peke yake. Mteremko mkubwa, unaopandwa kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, ulikuwa na tiketi yake nyingine, na hiyo waliitazama tu.

Mimi sikuingia. Kuna kioo kirefu kwenye ukumbi wa migahawa, mtu anakaa kwenye benchi na kuona mlima wote kuanzia chini mpaka juu, na kioo hakina tiketi. Nilikuwa nakwenda na chupa yangu ya chai, naketi na ushungi wangu, nawatazama watu wazima wakibingirika. Kusema kweli, niliburudika sana.

Kisha bei zikaanza. Mwanzoni tiketi moja ilikuwa na kila kitu: koti, suruali, buti na zile mbao za kutelezea. Siku moja wakalitoa koti. Baadaye kofia ngumu ikawa na bei yake, glavu zikawa zako mwenyewe, na kabati la kuwekea viatu likaanza kulipiwa. Mume wangu alikasirika, lakini mimi nilistaajabu kwa jinsi nilivyoitambua kazi ile. Ndivyo sisi tulivyowafanyia wateja wetu. Mzigo una bei yake, katoni bei yake, kamba bei yake, na mteja akiuliza mbona imefika hapo, unamwonyesha kamba.

Alijaribu kuishusha kwa njia anayoijua. Alimwendea msichana wa dirishani, akainamia kaunta na kuuliza atapewa bei gani akichukua nyingi. Msichana akamwonyesha simu. Bei iko humo.

"Tai gui," mume wangu akasema, yaani ghali mno, neno ambalo kila mfanyabiashara wetu hulijua kule kabla hajajua kuomba maji.

Msichana akatabasamu, akakubali kwamba kweli ni ghali. Hakupunguza hata kidogo. Mume wangu alirudi kwangu amefedheheka. Miaka yote ile Guangzhou hakuwa amekutana na mtu asiyebishana.

Hapo ndipo akili ya kontena ilipomwingia. Sisi, mtu asipokuwa na mali ya kujaza kontena zima, huchangia na wenzake, kila mmoja akalipia nafasi yake. Akawashauri wale wawili wachangie buti na mbao, zilizotumika, waachane na za kukodi. Wateleze kwa zamu. Wakakubali. Kununua buti akaachiwa yeye, kwani nani mwingine anajua viatu?

Yeye anavaa arobaini na tano. Mkongo alivaa arobaini na nne, na yule kijana arobaini. Mume wangu alikaa na simu akikuna kidevu, kisha akafikiri kama mtu wa jumla. Katoni ya viatu huja na saizi mchanganyiko, na saizi za katikati huwa nyingi kwa sababu ndizo zinazotoka haraka. Ya katikati haikosi mteja. Akanunua arobaini na tatu.

Haikumtosha hata mmoja. Kijana alivaa soksi juu ya soksi na bado mguu ukachezacheza ndani. Mkongo alizivaa, akasimama, akasema taratibu, "Mama, ça fait mal," halafu kwa ajili yangu akaongeza kwamba zinauma. Mume wangu aliingiza miguu yake kwa nguvu na kusema ziko sawa. Baada ya Jumatatu chache, kucha za vidole vyake vikubwa ziligeuka nyeusi. Nilikuwa namkanda kwa maji ya chumvi nikimwuliza mteja wa saizi hiyo atafika lini.

Miwani ya kukinga macho na theluji aliinunua mtaa wa Yide Lu, kwenye maduka ya jumla ya vitu vya watoto. Ilikuwa ya kuogelea, na kwa kuwa moja hawauzi, alilazimika kuchukua dazeni.

Tiketi ilipopanda tena, wakaanza kutafuta mahali pengine. Walikwenda kwenye bustani moja ambako watu huteremka juu ya zulia la plastiki, wamekalia maboya ya mpira. Mume wangu akataka kusimama, akaacha ngozi ya kiwiko pale. Kisha kijana akagundua chumba chenye mkanda unaozunguka, kama ule wa kukimbilia kwenye jimu ila mpana na umeinama, na mbele yake kioo cha kujitazama. Unateleza, unatoka jasho, na ukishuka uko palepale ulipoanzia. Bei yake ilikuwa nafuu sana. Mume wangu alikwenda mara mbili, akasema hatarudi. Nilimwuliza kwa nini.

"Hakuna kufika," akasema.

Mwaka ule biashara yetu ilikuwa inakauka. Wateja wa Kariakoo walikuwa wameanza kuongea na viwanda wenyewe, kwa simu, wakitumiana picha na kutafsiriwa hapohapo, na sisi wa katikati tukawa watu wa kupitwa. Mimi nilitaka turudi nyumbani. Nililisema wazi, nikalirudia. Yeye hakutaka, na sababu niliijua ingawa hakuitaja: aliondoka Dar akiwa mtu wa kusindikizwa uwanja wa ndege na ukoo mzima, na hakuona atarudi vipi akiwa mtu aliyeshindwa. Nyumbani alikuwa anawaambia mambo ni mazuri. Viza ilipokaribia kwisha alikubali kwa kunyamaza, na tangu hapo akawa anaongea kidogo mno ndani ya nyumba. Niliogopa ule ukimya kuliko umaskini.

Asubuhi moja nilikuwa nafunga katoni, naye yuko jikoni anaongea na kaka yake. Nikamsikia akicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

"Mlima wa theluji, kaka. Nashuka kutoka juu kabisa. Utauliza watu."

Nilibaki na gundi ya karatasi mkononi. Alikuwa hajawahi kufika hata kwenye kiti cha kwanza cha ule waya. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, vyote kwa pamoja. Niliona kwamba kati ya mali yote tuliyokuwa tunafunga, hicho ndicho kitu pekee alichotaka kushuka nacho Dar, na hakikuwapo.

Basi nikanunua tiketi ya mteremko mkubwa. Mimi, ambaye sikuwahi kulipia hata ya mteremko mdogo. Niliinunua kwa simu yangu bila kupunguziwa kitu, ya Jumatatu yetu ya mwisho. Nilipomwonyesha, aliitazama muda mrefu.

"Tai gui," akasema.

"Najua," nikamjibu. "Nenda ukashuke."

Yule kijana alikuja kutuaga. Mkongo hakuweza kufunga duka, ila alituma salamu kwamba zamu yake ya buti ameitoa, na buti zenyewe pia. Kijana akakaa nami kwenye benchi, akamimina chai yangu kama ya kwao.

"Shemeji, leo mzee ataiangusha vizuri, utaona," akaniambia, na kwa Kiswahili cha kwao maana yake ni kwamba atafanya kazi safi.

Mume wangu alikaa kwenye kiti cha waya akiwa na koti jekundu la kukodi na miwani ya kuogelea. Kiti kikampandisha. Akawa mdogo, akawa doa jekundu, akafika. Nikamwona akisogea mpaka ukingoni. Akasimama.

Watoto walimpita. Msichana mmoja aliyekuwa akirudi nyuma huku anajipiga picha alimpita. Yeye akasimama. Kijana aliacha kunywa chai. Nilikuwa nasema moyoni, shuka, shuka basi, mwanamume wewe, na mara nyingine nasema, usishuke, utavunjika. Sikujua ninaomba lipi.

Baada ya muda nikaona ameinama. Alikuwa anafungua mbao. Alizibeba begani, akatembea kwa zile buti mpaka kwenye waya, akazungumza na mfanyakazi wa pale, na akaketi. Viti vilivyokuwa vinapanda vilikuwa na watu. Vilivyokuwa vinashuka vilikuwa vitupu, isipokuwa kimoja. Alishuka taratibu mbele ya wote, mbao mapajani, ametazama mbele.

Kijana alifunga kifuniko cha chupa yangu vizuri sana.

Mume wangu alipotoka kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, alikuwa ameshavaa makubazi na buti amezishika mkononi. Nilijiandaa kwa lolote.

"Kule juu ni godauni tu," akasema. "Unayaona mabati na mabomba yanayopuliza baridi. Kuna mtu kaweka ndoo na ufagio wake pembeni." Tulitembea kidogo. "Twende tukafunge mizigo."

Njia nzima ya metro hatukuligusa tena. Wala kwenye ndege. Mimi nilikuwa nautengeneza uongo wangu. Wakiuliza, ningesema nilikuwa kwenye kioo na nilimwona akiteleza toka juu mpaka chini, akaanguka mara moja tu, katikati. Huko kuanguka mara moja nilikuongeza ili waamini.

Sasa tuna duka dogo Kariakoo. Miwani ya kuogelea ilibaki kumi na moja na yote ilinunuliwa. Buti nilitaka kuzitupa, kwa kuwa zilikula nafasi ya maboksi mawili ya kandambili, lakini ameziweka kwenye rafu ya juu kabisa, na kila anayeingia huuliza kiatu gani kile.

Siku ya kwanza tulipofungua, kaka yake alikuwepo, na wateja, na majirani waliokuja kututazama tumerudi na nini. Mteja mmoja akanyoosha kidole juu. Kaka yake akawahi kujibu kwa fahari, akasema hizo ni buti za theluji, na kwamba mdogo wake huyu kule China alikuwa anashuka mlima kutoka juu kabisa. Wote wakamgeukia mume wangu. Mimi niliweka chini pea niliyokuwa naionyesha na kufungua mdomo, maana zamu yangu ilikuwa imefika.

"Sikushuka," mume wangu akasema. "Nilifika juu nikaogopa. Nikarudi kwa kiti."

Kaka yake akaanza kucheka, na wateja wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka akiwa ameshika kaunta. Akawaeleza habari ya saizi ya katikati na kucha zake. Akaendelea hapohapo kuwaeleza kwamba hata biashara kule ilikuwa imekufa, ndiyo maana wanamwona hapa. Alilisema kana kwamba anataja bei ya kandambili.

Nilifunga mdomo wangu. Uongo wangu niliubeba kutoka Guangzhou, nikaupangia nafasi vizuri, na hakuna aliyeuhitaji. Nilikwenda nyuma ya pazia, kwenye maboksi, nikalia kidogo, kisha nikarudi kumtafutia mteja saizi yake.