Wifi Ametundika Picha ya Mama Yangu Ukutani na Kuiandikia Uongo

…na ndiyo maana wale mliomwambia yule dada wa juzi kwamba wifi ni wa kuvumiliwa tu, mimi siko pamoja nanyi. Wangu mngemvumilia siku ngapi?

Admin, nifiche jina. Nina miaka ishirini na minne, nilimaliza kidato cha nne, na niliolewa miezi mitano iliyopita. Tunaishi mtaa wa Huruma, ghorofa ya nne. Nimeolewa na mwanamume ambaye, akirudi kazini na lori lake, hupiga honi mara mbili pale chini ili nijue amefika salama. Bado moyo wangu huruka kila nikiisikia. Nitamwita Mutua. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi. Asubuhi hunichemshia chai kabla sijafungua macho. Kwa hiyo msidhani nina uchungu wa ndoa. Ndoa yangu ni asali. Nyuki ni dada yake.

Huyo wifi, nitamwita Mwende, anasomea upigaji picha chuoni. Akijitambulisha husema yeye ni msanii. Alienda Turkana wiki mbili na kurudi na picha za magoti ya ngamia. Magoti tu! Nikamuuliza, "Na ngamia mwenyewe yuko wapi?" Akanitazama kwa huruma. "Wifi, hiyo ndiyo sanaa." Alienda Lamu akarudi na milango thelathini, yote imefungwa. Siku moja alinizuia kuanua nguo zangu eti mwanga umekaa vizuri. Mvua ikanyesha. Shuka zangu za harusi zikaloa, yeye akashangilia kwamba matone yametokea vizuri.

Yote hayo nilicheka. Picha za harusi yetu alipiga yeye, na nilimshukuru.

Sasa mnielewe. Mimi ni Mluhya, Mutua ni Mkamba. Kwetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Mutua wangu alifundishwa na wajomba zangu akashika yote, mpaka leo akienda kwa Mama, mtaa wa Mukuru kwa Reuben, hubaki upande wa pili wa pazia. "Habari ya huko, Mama?" "Njema, mwanangu. Umekula?" Yaani mapenzi matupu, na pazia katikati.

Basi siku ya harusi bwana harusi aliingia uwanja wa kanisa na watu wake wakiimba. Mama alikuwa karibu na ua wa kanisa pamoja na wanawake wa kwetu. Alipomwona akageuka upande, akajifunika uso kwa leso mpaka Mutua akapita. Wanawake wenzake walikuwa wakipiga vigelegele. Mutua alipokwisha kuingia hemani, Mama alicheza mpaka kiatu kikakatika.

Mwezi huu mama mmoja wa kanisani akanitumia picha kwa simu. "Si huyu ni mamako?" Ilikuwa imetundikwa kwenye maonyesho ya wanafunzi katika ukumbi mmoja mjini. Mama yuko peke yake, uso umefunikwa, mbele yake ule ua. Wale wanawake wote wamekatwa. Chini pameandikwa: "Asiyealikwa. Mama akilia nje ya harusi ya bintiye."

Jumapili Mwende alipokuja kula kwetu nikaiweka hiyo simu kando ya sahani yake.

"Mama yangu alikuwa analia?"

"Wifi, mimi nilipiga nilichoona."

"Uliuliza?"

"Msanii haulizi. Ukiuliza, mtu anajipanga."

Mutua akaweka kijiko chini. "Mwende, mama alikuwa ananiheshimu mimi. Mbona hukuandika hivyo?"

"Nikiandika hivyo haitakuwa na nguvu, kaka. Watu wamesimama mbele ya hiyo picha wakatokwa na machozi!"

Mlisikia hilo? Aliambiwa ukweli akauona hauna nguvu. Ametembea kutoka Turkana hadi Lamu akitafuta cha kuona, na Mama, aliyempikia sahani tatu za pilau siku ile ya harusi, hakumwona.

Habari zimefika hadi nyumbani Magharibi. Mashangazi wanapiga simu kumuuliza Mama kama Wakamba walimfukuza harusini. Nilipomtembelea nilikuta hata redio ameizima. Akaniambia, "Mwanangu, ile ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote. Sasa kila anayeniona ananipa pole." Nililia njia nzima.

Mutua anasema nisubiri kabla ya kudai ishushwe. Picha za mtihani wake ni saba, zinasahihishwa kwa pamoja, na ikitolewa moja Mwende atarudia mwaka. Zikipita, zitasafirishwa kuonyeshwa nje ya nchi mara tu mwezi ukiisha. "Mpenzi, ni dada yangu wa pekee. Acha amalize, halafu nitampeleka kwa mama aombe radhi." Alisema akinishika mikono yote miwili, na ninyi hamjui mikono ya Mutua. Lakini radhi ya kuombwa Mukuru itawafikiaje wageni watakaomwona Mama kama mama aliyefukuzwa? Na nikidai ishushwe sasa, nitakuwa nimevunja masomo ya dada wa mume wangu, na hiyo honi ya jioni huenda ikapigwa kwa unyonge.

Ninyi mliokaa kwenye ndoa kuliko mimi, niambieni: nimsikize mume ninayempenda hivi, au nisimame na aliyenizaa? Matusi sitaki, nataka akili zenu.

Ila jambo moja nimeshaliamua, na Mama amekubali. Wifi, najua ukurasa huu unausoma. Weka kiti karibu na hiyo picha, Mama miguu inamsumbua, hasimami sana. Kabla mwezi haujaisha tutakuja, na atawaeleza watu mwenyewe, uso wazi.