Steringi wa Malakia

Mwaka huu tuzo ya steringi ameichukua mama wa chai, na waliotaka kupinga walipinga wakashindwa. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akadhani huko mbele nitabadilisha mawazo. Sibadilishi. Tuzo ni zangu, hakuna aliyenituma kuzitoa, na kila mwaka ukikaribia kwisha nazitoa vilevile.

Mimi ni Mkenya, napokea wageni katika hoteli moja hapa Juba. Mgeni akishapata ufunguo wake, akili yangu hurudi kwenye filamu. Nazinunua sokoni Konyo Konyo kwa muuzaji anayezijaza kwenye flashi, nazitazama wakati wa mapumziko, halafu jioni naenda kuzibishania mtaa wa Malakia, kwenye banda la mabati la mama wa chai. Mgomvi wangu mkuu ni Mkenya mwenzangu anayefanya kazi benki. Yeye hupenda filamu ambazo mtu anasimama dirishani, anatazama nje, hasemi kitu, na hiyo ndiyo filamu. Mimi nikiona dirisha nangoja mtu aruke kupitia hapo. Hatujawahi kukubaliana, na nadhani ndiyo maana urafiki umedumu.

Tuzo zangu hazifanani na za wakubwa. Ipo ya adui bora, maana adui asiyetisha huharibu filamu nzima. Ipo ya machozi bora. Ipo ya filamu iliyonilaza usingizi, ambayo mwenzangu wa benki huiona kama tusi kwa sababu kila mwaka mshindi ni filamu aliyonipendekezea yeye. Na juu ya zote ipo ya steringi.

Neno hilo nilitoka nalo Nakuru, kwenye kibanda cha video tulichokuwa tukijazana utotoni. Steringi ndiye mwenye filamu. Anapigwa na wengi, risasi zinamkwepa, shati linachanika lakini yeye anabaki hadi maandishi ya mwisho yapande. Kanuni yake ilikuwa moja, na sisi tuliiheshimu kuliko kanuni nyingi za shule: steringi hafi. Ukimwona mtu amekufa katikati, ujue ulikosea, steringi ni mwingine, mtafute. Nilipohamia Juba nilidhani nitalazimika kuwafundisha watu neno hilo. Wapi. Wakimbizi waliorudi kutoka Uganda nao walikuwa wamekulia kwenye vibanda vya video, neno walikuwa nalo, na kanuni pia.

Mama wa chai ni mmoja wao. Alikulia kambini kaskazini mwa Uganda, akarudi na mume, mume akafariki, akabaki na binti zake, sufuria na jiko la makaa. Kiswahili chake ni cha hukohuko. Mimi iko, wewe iko, chai iko, mandazi iko. Mimi nilisomeshwa na mwalimu aliyetuchapa kwa ajili ya ngeli, basi kila akisema mimi iko, namwambia sema mimi nipo. Naye hunijibu kwamba akisema nipo hajisikii kama yupo, anajisikia kama anasoma taarifa ya habari. Kisha ananiongezea tangawizi na mambo yanaisha.

Mwaka huu vijana fulani wa mtaani, wenye kamera ya kuazima na maneno mengi, walikuja kumwomba banda lake wapigie filamu. Wakamkuta akimfokea mteja aliyetema chai kwenye mguu wa jirani. Walimsikiliza mpaka akamaliza, wakaacha kuomba banda, wakamwomba yeye mwenyewe.

Filamu yenyewe ni fupi, na inazungumza Kiarabu cha Juba. Mjane anauza chai kwenye kiwanja alichoachiwa na mumewe. Tajiri anakitaka. Anafika na watu wake, anauliza kwa dharau kama hapa pana mtu. Mjane hainui hata macho kutoka kwenye sufuria. "Ana fi," anasema. Yaani, nipo. Wanaondoka, wanarudi, wanauliza tena, jibu ni lilelile. Katikati ya filamu mjane anaugua, anakufa, anazikwa. Tajiri anarudi akijua sasa kiwanja ni chake. Anakuta kigoda kitupu, anauliza kama hapa pana mtu. Binti anatoka ndani, anakaa kwenye kigoda cha mama yake, anasema "Ana fi" kwa sauti ileile. Filamu inaisha. Mimi niliitazama nikiwa kwenye zamu ya mapokezi, nikalia wazi, mpaka mgeni mmoja akaniomba radhi bila kujua amekosea nini.

Shida ilianza pale mtu alipokikata kipande cha maziko peke yake na kukirusha kwenye simu za watu. Kikazunguka bila kichwa wala mkia, kikavuka mpaka, kikawafikia jamaa za mama wa chai kule Uganda. Asubuhi moja shangazi zake waliteremka kwenye basi lililopitia mpakani Nimule wakiwa na mikeka, sukari na majani ya chai ya matanga, wakaja wakilia njia nzima hadi Malakia. Wakamkuta marehemu anachuja chai. Shangazi mkubwa alikaa chini palepale kwenye vumbi. Naye, chujio mkononi, akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi iko," aliwaambia.

Siku hiyo hata mimi sikumsahihisha. Shangazi walikasirika, kisha wakacheka, kisha wakalia tena lakini kwa furaha, na ile sukari ya matanga tuliinywa sote tukiwasaidia kusahau uchovu wa safari.

Ambaye hakucheka ni shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, dereva wa lori anayeegesha mtaa wa Sherikat. Tangu ndugu yake afe, yeye ndiye anayesimama kama baba wa nyumba ile, na neno lake lina uzito. Alisema mtu akishaliliwa na watu wake amekwisha kutajwa huko chini, na kama ataendelea kucheza na mambo ya kufa, kifo kitakuja kuulizia. Sio mtu mbaya. Alimzika ndugu yake kwa mikono yake, na alikuwa na hofu, nami siwezi kumcheka mtu kwa hofu ya aina hiyo. Lakini wale vijana walikuwa wanaandaa filamu ya pili, walimtaka mama wa chai na si mwingine, na shemeji alikata shauri kwa neno moja la Juba: kalas. Basi, imekwisha.

Mama hakubishana naye mbele ya watu. Alimpa heshima yake, akamkaribisha chai. Ila sisi wateja tuliona amepoa. Wateja walimwaga chai na hakuna aliyefokewa. Jioni moja nilimuuliza kama filamu ile ya pili inamuuma kweli au ni sisi tunaoumia kwa niaba yake.

"Maisha yangu yote watu wananiambia kaa hapa, toka pale," alisema kwa Kiarabu cha Juba. "Wale watoto waliniuliza mimi ningesema nini. Ile ya pili naitaka. Naitaka sana."

Niliondoka pale nimekasirika, na mimi nikikasirika hufikiri filamu. Mwisho wa mwaka ulikuwa umekaribia na sikuwa na steringi. Moyo ulimtaka yeye. Kanuni ilimkataa, maana alikufa katikati mbele ya macho ya kila mtu, hadi Uganda wakaona. Mwenzangu wa benki alikuwa na mtu wake wa dirishani. Wengine walimtaka jamaa mmoja wa ng'ambo anayekimbia moto filamu nzima na nywele zake haziharibiki. Niliirudia filamu ya mama, nikiwa nimeudhika, nikitafuta steringi mwingine humo ndani kama kanuni inavyoagiza. Tajiri ni adui. Binti hafanyi lolote ila kukaa mahali pa mama na kusema neno la mama. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu pale mapokezi. Nilikuwa nimepata steringi wangu, na nilikuwa nimepata na njia.

Zawadi huwa ni kitu cha nyumbani kilichopakwa rangi ya dhahabu. Safari hii nilinunua birika dogo, nikampa shemeji alipeleke kwa wapaka rangi wa malori kule Sherikat. Sikumwambia ni la nani. Alilipokea kwa furaha, kwa sababu shemeji huyu, pamoja na ukali wake wote, ni mpenzi wa filamu za mapigano kunizidi, na hajawahi kukosa tuzo zangu. Kuhusu adui bora hatukubaliani, lakini hufika.

Tulikutana Jumapili mchana, watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Mama alikuwa kwenye jiko lake. Shemeji alikuja na birika limefungwa kwa gazeti, akalifungua likang'aa kupita nilivyotarajia. Nilitoa ya adui, wakazomea. Nilitoa ya kulaza usingizi, mwenzangu wa benki akanisonya na kuipokea. Kisha nikasimama juu ya kigoda nikasema steringi wa mwaka ni mama wa chai.

Vigelegele vilipanda, lakini mwenzangu wa benki aliinua mkono kama wakili. Akasema amefurahi, ila kanuni ni yangu mwenyewe. Alikufa katikati. Steringi hafi. Mama akainamia makaa. Nilimgeukia shemeji, nikamuuliza kwa heshima zote, yeye aliyekulia kwenye vibanda vya video, atuambie katika filamu ile steringi ni nani.

Nilijua ninachokifanya. Shemeji angeweza kunidanganya kuhusu umri wake, kuhusu barabara, kuhusu chochote, lakini kuhusu filamu hawezi. Alijaribu. Akamtaja binti, akajikatisha mwenyewe, akasema hapana, huyo anaongea maneno ya mama yake. Akamtaja tajiri, akatikisa kichwa. Akalitazama lile birika mapajani mwake, na nilimwona mtu mzima anasumbuka kwa sababu ya ukweli.

"Steringi ni yeye," alisema mwishowe.

"Na steringi anakufa?"

"Steringi hafi."

"Sasa shemeji, pale kaburini alizikwa nani?"

Alivua kofia yake, akaiweka gotini, na uso wake ukalegea taratibu. Niliona ile hofu ikimtoka. Alisimama, akapita katikati yetu, akamwendea mama wa chai pale kwenye jiko, akamkabidhi birika la dhahabu kwa mikono miwili.

"Hakuna mtu iko ndani ya ile kaburi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kalas. Ambia hawa vijana wakuje na kamera yao."

Banda zima liliruka. Mwenzangu wa benki alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, vibaya sana, kama mtu ambaye hajawahi. Binti zake walimrukia mama yao shingoni. Mimi bado nilikuwa juu ya kigoda, mikono hewani, nimeshinda kuliko nilivyowahi kushinda katika ubishi wowote wa filamu.

Wakamtaka aseme neno, kama washindi wote. Mama alijifuta mikono kwenye kitenge, akaliinua birika watu walione, akatutazama mmoja mmoja kama alivyowatazama shangazi zake.

"Mimi iko," alisema.

Na mimi, mwanafunzi wa mwalimu wa ngeli, nikaitikia kwa sauti kuliko wote: iko.