Kaburi la Mgomba

Fundi wa turubai pale Malaba hushona akiwa amepiga magoti juu ya kazi yake, akisukuma sindano kwa kiganja kigumu kama soli ya kiatu. Madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka hupenda kumchokoza ili aseme baba yake alifia wapi. Baba alikuwa askari, Waingereza wakampeleka Asia kuwasaka watu waliojificha msituni wakidai nchi yao, na nchi yenyewe iliitwa Malaya. "Kumbe mzee alifia kwa malaya!" husema madereva, wakicheka na kushika mbavu. Mwili haukurudi, nyumbani Butula walizika mgomba badala yake. Siku hizi akiulizwa hujibu Burma, nchi nyingine ya Asia ambako askari wengi wa Waingereza walipigana, kisha hukohoa kidogo.

Jana binti yake Nabwire alimpigia simu kutoka nyumbani, ambako kaburi lile lilikuwa linajengewa. "Baba, fundi wa kaburi ameshika msumari na saruji inakauka. Tuandike babu alifia wapi?" Sindano ikasimama. Madereva wawili walikuwa wameketi karibu, wakimtazama. "Andikeni Burma," akasema, akarudi kushona, mshono juu ya mshono, mahali ambapo turubai halikuwa limechanika.