Nilipomficha Nyanya Viganja

Harufu ya asidi ya betri hunishika hata leo. Juzi nilipita kwa fundi wa magari pale Nchiru, ikanijia puani, nikasimama barabarani kama mjinga. Betri ya gari ndiyo iliyowasha televisheni yetu kule Kibirichia nilipokuwa mtoto. Baba aliibeba kwa baiskeli kwenda kuichajisha sokoni, na Jumapili baada ya kanisa majirani walijaa sebuleni na viatu vyao vya matope.

Mchezo tulioupenda na kuuogopa ulikuwa wa Kizungu, wa zamani hata wakati huo, picha zake zimejaa chenga. Viumbe kutoka nyotani waliwaingia watu. Kiumbe akikudondoshea tone la ute kiganjani, basi, umekwisha. Sura ilibaki yako, lakini ulikaa ukitabasamia ukuta, na watu wako huwajui tena. Kimombo chao sikukielewa, ila kuogopa niliogopa vizuri sana.

Mwaka huo Nyanya, mamake Baba, akaanza kusahau. Mimi nilipewa jina lake, kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo aliniita Wajina, na kiazi kikubwa sufuriani kilikuwa changu. Sasa akawa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Alikaa akiutazama ukuta, anatabasamu. Wakubwa walisema ni uzee. Mimi nilijiona najua zaidi yao.

Alipozidiwa, asubuhi moja aliomba wajukuu tuletwe kitandani atubariki. Kwetu mzee hubariki kwa mate: anakutemea kidogo kiganjani, anakutakia mema. Ndugu zangu wakatoa mikono mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, nikaificha yangu nyuma ya mgongo.

"Wajina," akaniita kwa sauti ndogo, "leta mikono."

"Toa mikono, wewe," Mama akasema, akinifinya.

Nikapiga nduru, nikatoka mbio hadi shambani, nikalala kifudifudi katikati ya matuta ya viazi. Waliniita, sikuitika. Nyanya alifariki kabla ya Jumapili, na nitakuambia ukweli wote: siku ile nilipumua.

Miaka mingi nilijiambia mtoto hana kosa. Ni kweli, lakini haijanisaidia. Kilichoniuma nilikiona nikiwa mtu mzima, Mama naye alipoanza kusahau, nikajifunza jinsi akili inavyoweza kumrudia mtu asubuhi moja tu, kisha ikaondoka. Nyanya alikuwa hajaniita Wajina kwa miezi. Asubuhi ile ya baraka alikuwa amerudi, akanitambua, na mimi ndiye niliyemkana.

Nilimwambia dada yangu haya. Naye akaniambia jambo ambalo wakubwa walinificha: baada ya mimi kukimbia, Nyanya aliendelea kuuliza Wajina ameenda wapi, akauliza mpaka jua likatua, na hakumuulizia mtu mwingine yeyote.