Ampea Thelathini Nilizozificha

Aliyemuua baba yangu ni mimi. Si dada yangu. Wacha niliseme hilo kwanza, kabla moyo haujanigeuka.

Mimi ni fundi umeme hapa Likasi. Baba naye alikuwa fundi umeme kiwandani mpaka akastaafu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Mama alikufa nikiwa mdogo sana. Aliyenilea ni dada yangu mkubwa. Namwita Yaya, kama sote tunavyowaita wakubwa wetu huku. Kuniogesha, yeye. Kunivalisha viatu vya shule, yeye. Jamani, mtu huyo ndiye niliyemfanyia haya!

Yaya alifungua duka la mikate katika chumba cha mbele cha nyumba ya Baba. Akapata tanuri ya umeme, kuukuu, kibati chake cha namba kimefutika. Akaniambia, "Mudogo yangu, weye njo utanifungia waya. Sitaki muntu mwingine." Hiyo "njo" yetu huku ni "ndiye" au "ndiyo".

Baba alikuwa ameketi pale akitazama. Akasema, "Namba imefutika, basi pima. Washa koili zote, ona iko inakula ampea ngapi. Volti mara ampea, unapata wati. Volti gawanya kwa ampea, unapata ukinzani. Kisha njo unachagua waya."

Nilikasirika. Mtu mzima, fundi mwenye wateja mpaka Kambove, nafundishwa hesabu ya darasani mbele ya vijana waliokuja kupaka duka rangi! Nikamjibu kwa mkato, "Papa, ninajua."

Kwa hasira nikawasha koili ya juu peke yake, nikapima. Ampea kumi. Mia mbili ishirini mara kumi, wati elfu mbili na mia mbili. Nikaridhika. Nikapitisha waya mwembamba juu ya dari, plasta ikapigwa, rangi ikapakwa.

Koili zilikuwa tatu!

Wiki ile ile Yaya akanipigia simu. "Kila mara niko nawasha zote, dijonkta inaanguka." Dijonkta ni ile swichi inayokata umeme ukizidi. Nikaenda. Baba hakuwepo. Safari hii niliwasha koili zote tatu, nikapima. Ampea thelathini. Hesabu niliipiga kichwani nikiwa bado juu ya ngazi: wati elfu sita na mia sita. Waya ule ulifaa kubeba nusu yake tu.

Nilijua. Sikilizeni vizuri: nilijua! Lakini kubadilisha waya maana yake ni kubomoa dari mpya, na Baba angerudi akanikuta. Angeuliza mbona. Basi nikang'oa dijonkta, nikaweka kubwa zaidi, isiyoanguka ovyo, hata waya ukichemka. Yaya akawasha zote, tanuri ikakubali, akanipigia makofi. "Aksanti, Mungu akubariki!" Nikala mkate wake wa moto. Nikajiambia nitarudi siku nyingine.

Sikurudi.

Baada ya miezi mitatu, Siku ya Mungu, yaani Jumapili, asubuhi, Yaya aliingiza mikate tanurini, akamwomba Baba aangalie, akakimbia kuimba na kwaya. Kanisa liko barabara ya pili tu. Baba akajilaza kidogo chumba cha nyuma. Waya ukashika moto ndani ya dari. Majirani walipovunja mlango, moshi ulikuwa umeshamtangulia kila mtu. Nilimkuta baba yangu amelazwa uani juu ya kitenge cha jirani.

Yaya alikuja mbio na sare ya kwaya. Akaanguka chini. "Miye njo nilimuua Papa! Niliacha moto, nikaenda!"

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Mdomo ulikuwa wangu. Sikuufungua.

Watu wote wakaamini hivyo. Kwenye kilio shangazi zetu walimwambia usoni, "Umeacha muzee na moto sababu ya kwimba." Akaacha kwaya. Akaacha mikate. Kwa miaka miwili, kila Siku ya Mungu, alikwenda makaburini kumwomba Baba msamaha, na mimi nilimsindikiza. Nilimpangusa machozi kwa mkono huu!

Mwezi uliopita alipiga magoti pale akasema, "Papa, hata usiponisamehe, ninaelewa." Nikashindwa. Nikamwambia yote, waya, dijonkta, ampea thelathini.

Hakupiga kelele. Akauliza taratibu, "Ulijua mbele ya moto kuwaka, ao kisha?"

"Mbele, Yaya."

"Na hii miaka yote, uliniona bile niko nalia?"

"Nilikuona."

Akainuka, akakung'uta udongo magotini. "Waya ningekusamehe. Papa pia angekusamehe. Lakini kunisindikiza huku..." Akageuka. Nilipotaka kumfuata akaninyooshea kiganja: baki. Akarudi mjini kwa miguu, peke yake.

Mpaka leo hajapokea simu yangu. Nimewazungukia shangazi zetu mmoja mmoja, nikawaeleza ukweli; wengine hawanisalimii tena, na ni haki yao. Jirani ameniambia Yaya ameanza kuimba tena. Nilikwenda nikasimama nje ya kanisa, nikaisikia sauti yake. Sikuthubutu kuingia.

Fundi mwenzangu, dijonkta ikianguka, pima upya. Bomoa dari, aibika, watu wacheke. Aibu hiyo haifiki jioni. Na wewe usiye fundi, kama kuna mtu anabeba kosa lako, mtue leo. Usimfariji. Mwambie!