Mwanamke wa Nyanya Moja

"Kwa nini usiniache nimwulize mimi?"

Nilimwuliza hivyo Ayinpoka nikiwa na miaka tisa, tumekaa kwenye kizingiti cha chumba alichopanga uani kwetu, Amakom, mjini Kumasi. Nilimwuliza kwa Kiingereza cha shule, maana yeye hakujua Kitwi hata cha kuombea maji. Alikuwa ametoka Zuarungu, kaskazini kabisa, safari ya basi ya kutwa nzima, na Kiingereza chake kilikuwa kama changu, viraka vitupu.

Jambo lenyewe niliona ni dogo. Mama yake, Asibi, aliwahi kuishi kwenye nyumba hii hii yetu. Kwa miaka minane alimbebea bibi yangu, Nana Dufie, magunia ya vitunguu sokoni. Kisha akarudi kwao kujifungua, na hakuonekana tena. Ayinpoka alipotimiza miaka minne mama akafa, hakuacha hata picha. Watu wa kwao walimjua Asibi wa utotoni na Asibi wa kitandani, mgonjwa. Miaka ya katikati, ile aliyokuwa mzima na kijana, ilikuwa kichwani mwa Nana peke yake, na Nana hana lugha nyingine duniani ila Kitwi.

"Naingia ndani sasa hivi," nilimwambia. "Namwuliza, Nana, Asibi alikuwa mtu wa namna gani? Basi, nakuletea jibu."

Akatikisa kichwa. "Na usimwambie mimi ni mtoto wa nani, wala kwamba mama amekufa. Nitasema mwenyewe."

"Lini?"

"Nikishajua kusema."

Swali langu la kwanza halikujibiwa, ila siri niliitunza. Kwa mdomo niliozaliwa nao, ile ilikuwa kazi ya mtu mzima.

Alipata kibarua cha kuosha mabakuli kwa Anti Konadu, mwenye mgahawa wa fufu, ule ugali wa mihogo ya kutwangwa, mbele ya geti letu. Siku ya kwanza Anti Konadu alimshika mkono, akaniita nitafsiri.

"Mwulize amezaliwa siku gani."

"Anasema hajui."

"Eii! Binadamu hajui siku yake? Kumasi kaingia lini?"

"Jumatatu."

"Basi ni Adwoa, kama wasichana wote wa Jumatatu. Mwambie Jumatatu imempokea. Na mabakuli ndiyo yale."

Nilipenda kumwangalia akijifunza. Jioni alikwenda kwa wauza nyanya wa barabarani, wako wanne, akanunua kwa kila mmoja nyanya moja. Moja! Kwa yule wa kwanza aliuliza bei, kwa wa pili akaomba apunguziwe, kwa wa tatu akalalamika kwamba imepondeka, na kwa wa nne akauliza watoto hawajambo. Kesho yake alianzia upande wa pili, ili anayelalamikiwa abadilike. Walimpa jina, Mwanamke wa Nyanya Moja.

"Adwoa, leo unapika karamu? Nikufungie nusu?" walimtania.

"Nifungie maneno, nyanya ninayo," aliwajibu siku moja, mwezi wake wa tatu huo, na wale wanawake walicheka mpaka mmoja akakalia pilipili zake.

Geti pia alilitumia. Alitoka akiwasalimu waliokaa uani, akarudi akiwasalimu tena kama aliyetoka safari, kuanzia mkono wa kulia, bila kuruka mtu. Wazee walimwitikia mara zote mbili. Mimi ningefanya vile ningeulizwa kama nina malaria.

Lakini Kitwi chake kingi kilitoka mgahawani, na cha mgahawani kina mwendo wake. Pale watu wanasema, "Lete supu ya karanga, nyama ya mbuzi, mfupa mpe mbwa." Au, "Umemaliza? Inuka, wenzako wamesimama." Ndivyo alivyomwambia katekista aliyekuja kumtembelea Nana na kukaa kwenye benchi letu muda mrefu. "Baba, umemaliza? Inuka." Alisema kwa tabasamu kabisa. Katekista akainuka! Nana alicheka siku mbili, na tangu hapo akawa anamwita yule binti wa mabakuli aje ampangie viti.

Mwezi wake wa nane kwetu Ayinpoka akaniambia, "Jumapili."

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, aliingia sebuleni kwa Nana amevaa kitenge kipya. Nilijibanza mlangoni. Alisalimu vizuri, akapewa kiti, akaletewa maji, akanywa, akarudisha glasi kwa mkono wa kulia. Nana alikuwa na furaha.

"Hapa ni salama tu," akasema, kama anavyoambiwa kila mgeni hata awe wa chumba cha pili. "Wewe ndiye uliye njiani. Tupe habari."

"Nana, mimi ni mtoto wa Asibi, aliyekubebea vitunguu. Amekufa. Nimekuja unihadithie habari zake."

Hakukosea neno hata moja. Mwalimu wetu angempa alama zote.

Nana alikuwa na miaka ishirini ya kumlaumu Asibi kwamba amemsahau, kila Krismasi lazima amtaje.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Nana."

"Mkononi umeshika nini?"

Ayinpoka akatazama mikono yake.

"Kwa hiyo Asibi amekufa kama kuku," Nana akasema, "mtu anapita tu, anasema." Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Wiki tatu Nana hakuitikia salamu yake. Kwetu mtu akikunyima jibu la salamu amekufukuza, amebakiza tu kukutolea mizigo nje. Ayinpoka alikaa kizingitini akikunja nguo zake, akizikunjua, akizikunja tena.

"Nitarudi nyumbani," aliniambia, na sasa tulikuwa tunazungumza Kitwi. "Nimempoteza mama mara mbili, na mara hii ni kwa mdomo wangu."

Niliona aibu, maana hata mimi, mzaliwa wa hapa, sikujua kosa liko wapi. Aliyelijua ni Anti Konadu. Aliposikia habari nzima alijipiga paja.

"We Adwoa! Umempakulia mama mzee kifo kama bakuli la fufu!"

"Aliniuliza. Nikajibu."

"Anauliza kila mtu! Msiba haubebwi na mdomo mmoja, mwanangu. Unakwenda na watu, mnavaa nguo nyeusi, mnabeba chupa. Mmoja wenu anakuwa msemaji. Mnaanza kwa kusema ni salama, hamkuja na ubaya. Kisha mnaukaribia huo ubaya taratibu, kama mtu anayeshuka kisimani, mpaka mwenyewe auone chini."

Ayinpoka akasema kitu ambacho na mimi nilikuwa nakifikiria. "Kama mwingine ndiye wa kunisemea, miezi minane nimejifunza ya nini?"

"Ili ujue kama anadanganya," Anti Konadu akajibu, akaenda kumtafuta kaka yake.

Kaka mtu aliitwa Sarpong, dereva mstaafu wa malori. Mtu wa kuongea polepole, hata kuomba chumvi kwake ni hadithi. Walikuja watatu Jumamosi asubuhi, yeye, Anti Konadu na Ayinpoka, nguo nyeusi, chupa ya pombe kali imefungwa gazetini. Walisalimu, wakakaa, wakanywa maji. Nana akawaambia ni salama, wao ndio walio njiani.

"Salama tupu," Sarpong akasema. "Hatukuleta baya. Ila Nana utakumbuka, zamani zile soko halijajengwa upya, alikuwepo binti mmoja wa kaskazini, ana nguvu za shingo."

"Namkumbuka," Nana akasema.

"Yule binti alisafiri."

"Alisafiri, kweli."

"Kule alikokwenda akajifungua salama. Baadaye mwili ukamsumbua kidogo. Ule usumbufu ukakua. Wakampeleka hospitali, wakamtoa, wakampeleka tena." Alikohoa. "Nana, maji yalizidi unga."

Nana alijua. Kwa wiki tatu alikuwa amejua. Lakini Sarpong alipofika hapo yeye alishika kichwa kwa mikono miwili na kulia kama ndiyo kwanza anasikia, na Anti Konadu, aliyekwisha kujisogeza karibu, akamshika mabega. Nilishangaa sana. Ayinpoka naye alilia. Nadhani hata yeye hakuwahi kupewa kifo kile kwa utaratibu namna hiyo. Alipokuwa na miaka minne, nani angemwekea msemaji?

Chupa ikafunguliwa, yakamwagwa matone chini, jina la Asibi likatajwa. Kisha Nana akafuta uso.

"Sogea hapa, mtoto wa Asibi."

Hapo hapakuwa tena na msemaji. Mimi nilikuwa mlangoni, nimejiweka tayari, nikingoja kuitwa kutafsiri yale magumu. Hakuna aliyeniita.

Nana alisimulia kwamba Asibi alikuwa mwigizaji. Gunia kichwani, anaiga sauti ya kila mteja. Alimwigiza hata Nana mwenyewe anavyokataa kupunguza bei, mkono kiunoni, kidevu juu, na siku moja alifanya hivyo bila kujua Nana amesimama nyuma yake. "Nikamwambia, Asibi, ninavyokataa mimi shingo inainama kidogo. Akaniambia, Mama, wewe hujabeba gunia!"

Nana akaangua kicheko, machozi bado yako shavuni. Ayinpoka akaangua naye, pale pale. Sarpong alichelewa, kama kawaida yake.

Ayinpoka hakurudi Zuarungu kuishi, anakwenda tu na kurudi. Mgahawa sasa ni yeye anayeuendesha, maana Anti Konadu ana miguu mibovu, na Nana haanzi kula mpaka Adwoa wake amekuja kumsalimu. Mimi niko kidato cha pili, nasoma bweni, nasoma na Kifaransa, ambacho hata nyanya moja sijakinunulia. Likizo iliyopita nilimkuta akimenya mihogo nikamrudia na swali langu la zamani. Kwa nini hakuniacha nimwulize Nana? Ilikuwa dakika moja tu.

Aliendelea kumenya.

"Ungerudi kizingitini ukaniambia, 'Nana anasema mama yako alikuwa mcheshi.' Ningekushukuru. Lakini Nana angekuwa kule ndani, ameshamaliza kucheka."