Nia Aliyoiitikia Mama

Mama yangu aliwafukuza wanajumuiya sebuleni kwake kabla ya kufika Baba Yetu, chai ya tangawizi ikiwa imeshamiminwa vikombeni. Hakupiga kelele. Alisimama, akafungua mlango wa mbele, akasema, "Nendeni makwenu." Wengine walidhani presha imempanda. Mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alibaki amepiga magoti na kitabu cha sala mkononi.

"Na wewe pia," mama akamwambia. "Wewe wa kwanza."

Kuwafukuza watu wanaosali ni jambo zito popote. Kwetu Kiembe Samaki ni zito zaidi, kwa kuwa Wakristo tu wachache na jumuiya ndiyo ukoo wetu. Ni familia za mitaa ya jirani zinazokutana kila Jumatano jioni kusali pamoja, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Jumuiya ndiyo inayokuja hospitali. Ndiyo inayokesha msibani. Ukitaka mtoto abatizwe, padri huuliza kwanza kama jumuiya inakujua. Mama alizaliwa Unguja hii hii, na hajapata kukosa Jumatano ila kwa homa. Kwa hiyo naeleza lilivyotokea, kwa mpangilio, maana mtaani limeshaelezwa ovyo.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amekuja kupumzika kwa mama. Anafundisha chekechea Bububu; mumewe anafanya kazi hotelini, pwani ya mashariki. Alikuwa amepoteza mimba, na haikuwa ya kwanza. Hakutaka mtu ajue. Hakulia mbele yetu. Alifua. Alifua hata mapazia yaliyokuwa safi. Ila kila jioni alikuja kukaa mkekani karibu na mama kwa sala, na hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee uso wake ulipolegea.

"Sala inamshika," mama aliniambia jikoni. "Maadamu anasali, sina hofu naye."

Jumapili, baada ya misa, mama alimvuta mwenyekiti pembeni, akamweleza, akamwomba amkumbuke binti yake katika sala zake za chumbani. Nilikuwa nimesimama nao. Alisema "chumbani". Mwenyekiti alimshika mama mikono yote miwili.

"Nimesikia, mama. Hili ni la mimi na wewe na Mungu."

Katika sala ya jumuiya kuna wakati wa nia. Somo likishasomwa, kila mwenye haja huitaja kwa sauti, humalizia na "Ee Bwana," na wote huitika, "Utusikie." Nilipokuwa mdogo nia zilikuwa fupi: wagonjwa, wasafiri, marehemu. Siku hizi watu humpelekea Mungu habari za majirani kwa sauti ya kuwafikia majirani. Nimesikia mtu akiombewa aache pombe huku amekaa palepale, shati limepigwa pasi, macho chini. Nimesikia msichana akiombewa "arudi njiani", na kabla ya kulala kila nyumba ilikuwa inajua alikopita. Na huwezi kujibu. Ukijibu, umeingilia sala. Hiyo ndiyo hila yenyewe, na inanichukiza kuliko umbea wa sokoni Darajani, kwa sababu mmbea wa Darajani unaweza kumwambia anyamaze.

Jumatano ile ilikuwa zamu yetu. Nyumba zetu ziko chini ya njia ya ndege, na ndege ikipita anayesali hunyamaza. Mwenyekiti alikuwa ameanza nia yake ndege ilipopita. Akanyamaza. Akangoja mpaka mngurumo ukaisha kabisa. Ndipo akaendelea, ili tusikose hata neno.

"Tunamleta kwako binti wa nyumba hii, aliyeketi hapa mbele yako, ambaye tumbo lake limekataa tena. Kama kuna alilolitenda katika usichana wake likamfunga, umfungue. Ee Bwana."

"Utusikie," chumba kikaitika.

Nilikuwa mlangoni mwa jikoni, nimeshika sinia ya vikombe, na nilikuwa namtazama mama. Mama aliitika pamoja nao. Midomo yake iliitika, kama ilivyoitika miaka yote, kabla masikio hayajamaliza kusikia. Kisha nikaona maneno yanamfikia. Mdogo wangu aligeuka. Hakumtazama mwenyekiti, alimtazama mama. Akainuka, akaingia chumbani, akafunga. Ndipo mama alipoufungua mlango wa mbele.

"Shetani anakutumia, mama," mwenyekiti alisema nje, akitafuta viatu vyake kati ya viatu vya wenziwe. "Nimemwombea mwanao. Kosa langu nini?"

"Umemtangaza mwanangu nyumbani kwangu, kisha unamsingizia Mungu kuwa ulikuwa unazungumza naye. Nshakwambia, nenda."

Jirani yetu, Mwislamu ambaye kila Jumatano hupunguza redio tukianza kuimba, alichungulia juu ya ukuta.

"Shoga, leo mmesali mbio mbio! Au mnawahi futari?"

Siku nyingine mama angecheka na kumrudishia. "Leo hatukusali, shoga," alisema. "Tumesengenya."

Jirani akawatazama watu wakiondoka bila kuagana. "Basi hiyo chai msiimwage," akasema. "Nnakuja."

Baada ya hapo mwenyekiti alituma ujumbe: mama aombe radhi mbele ya jumuiya, la sivyo nyumba yetu itarukwa kwenye zamu. Waliouleta walinieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba mwenyekiti hakukusudia ubaya. Niliwauliza kwa nini basi aliisubiri ndege ipite. Walikunywa maji, wakaaga. Wanajua wanachokifanya, na wakishamaliza hufanya ishara ya msalaba.

Lakini mama hajali kurukwa. Kinachomkondesha ni maneno aliyoambiwa na mdogo wangu asubuhi ya pili yake, wakiwa wamesimama jikoni: "Hata wewe uliitika." Tangu hapo mdogo wangu hajakaa mkekani. Mezani hangoji baraka ya chakula. Huchukua sahani yake akaondoka. Jioni mama akiwasha mshumaa, yeye hutoka nje, na hurudi tukishamaliza. Mumewe amepiga simu kusema atakuja kumchukua, na mama anahesabu kwamba akiondoka hivi, ataondoka bila chochote cha kumshika.

Juzi mama alimfuata nje. Alikaa karibu naye, akamwomba radhi. Hakujitetea, hakutaja midomo wala mazoea.

"Nshakusamehe, mama," mdogo wangu alisema. "Ila usiniombee tena."

Mama akamwuliza, "Hata kimoyomoyo?"

Mdogo wangu akainuka, akaenda kuanua mapazia.